Shimo la Mama Furaha na Mmea Ulioota Ndani

Vijana, mimi siku hizi nikilala mchana naota njia za miguu. Sioni watu, naona njia tupu. Naona saruji imepasuka kama kisigino kikavu, naona maji yamesimama na mawingu yamo ndani yake, naona mahali pa vifuniko vya chuma na vifuniko vyenyewe havipo. Natembea polepole, hakuna anayenisukuma, Kampala yote imenyamaza, na kila shimo nalijua. Halafu mke wangu anagonga sufuria jikoni, naamka, na goti linaniuma kama vile nimetembea kweli.

Ndicho kilichobaki. Miaka ishirini na kitu nilikuwa karani wa wakili mmoja pale mjini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa watu walioanguka. Mtu anatembea zake, njia imeharibika, mguu unaingia, mfupa unavunjika, sasa anataka fidia kutoka kwa wenye njia. Sisi ofisini tuliwaita hivyo tu, wenye njia. Jina la ofisi yao silitaji, maana wengine bado wako hai na tunasalimiana.

Nasikia nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mnapiga picha na simu, mnatuma, mmemaliza. Sawa. Lakini picha ya shimo haisemi shimo lina kina gani. Weka ndani kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, hata chupa ya soda, ndipo upige. Sisi tulikuwa na kamba ya katani yenye mafundo. Unaishusha, unahesabu mafundo, watu wanakuuliza kama unavua samaki.

Na kabla ya shimo, kiatu. Jambo la kwanza nililofundishwa halikuwa sheria, lilikuwa kiatu. Mtu akija anachechemea, mwambie akuletee kile alichovaa siku ile, kabla hakijaoshwa. Alikuja bwana mmoja analia, anasema ameanguka kwenye mtaro, amelala pale nusu saa. Nikamwomba kiatu. Akavua alichokuwa nacho mguuni, akakigeuza, na chini bado kuna karatasi ya bei ya dukani. Tulikitazama wote wawili. Akakivaa tena, akaaga vizuri kabisa, hata kuchechemea alisahau.

Aliyenifundisha hayo ni karani mkuu wetu. Tulimwita Ssalongo, kama Waganda wanavyomwita baba wa mapacha, mpaka leo sina hakika kama nililijua jina lake lingine. Mtu wa Mengo, shati la mikono mifupi na tai, kila siku. Kabla ya kesi za kuanguka alikuwa amezeeka kwenye kesi za viwanja, zile za jirani kusogeza mpaka kidogo kidogo kila mwaka. Kwake barabara ilikuwa balabala, na mimi nilikuwa "kijana wa kambi", kwa sababu baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini na Kiswahili changu nilikipata kambini. Kiswahili hicho ndicho kilichonipa kazi. Wateja wengi wa wakati ule walikuwa familia za askari na polisi, na Wakongo waliokuwa wanakuja na biashara zao au wanakimbia matatizo ya kwao, na Wakili wetu alikuwa na Kiswahili cha salamu tu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina kalamu mfukoni na haraka nyingi. Niliandika kila kitu kwenye daftari, kila jioni. Nikilisoma sasa naona aibu. Ukurasa mmoja unasema: "Leo Ssalongo amesoma barua moja kwa saa nzima. Mtu mzima, saa nzima. Mimi nikiwa mkubwa wa ofisi, hapa patakimbia."

Sasa nawaambia habari ya Mama Furaha, maana ndiyo iliyonipunguzia hizo mbio.

Ilikuwa miaka kama kumi baada ya vita. Mji ulikuwa unaamka, maduka yanapakwa rangi, lakini chini, pale miguu inapopita, vifuniko vya mitaro vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja, vinauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama Furaha alikuwa Mkongo kutoka upande wa Bukavu, anakaa Kisugu. Alichukua vitenge Kikuubo kwa wenye jumla, anaweka kichwani, anapita nyumba kwa nyumba. Miguu yake ndiyo ilikuwa duka. Siku moja ya mvua aliingia kwenye shimo la mtaro kwenye njia inayoshuka Kikuubo, shimo la kina cha kiuno. Mguu ukavunjika sehemu mbili.

Tulimkuta kwake, Ssalongo na mimi, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, plasta mpaka pajani. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Daktari alikuwa amemwambia lazima uvunjwe tena, uwekwe chuma ndani, ndipo atembee na mzigo. Bila hivyo atakaa. Na operesheni hiyo hakuwa na njia ya kuipata isipokuwa wenye njia wamlipe. Alituambia hivyo bila kulia, huku anakunja kitenge.

Nikamuuliza alikuwa anafanya nini alipoanguka. Kumbukeni swali hilo, vijana. Usimuulize mtu "uliona nini", atakupa anachofikiri unataka. Muulize alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa naweka majani," akasema.

"Majani gani, mama?"

"Majani ya kuonyesha batu. Ile shimo naijua, mutoto wangu. Kila Siku ya Kwanza nakata tawi hapa kwa lupango, naenda nalo, nalichomeka mule ndani. Batu banapita pale na batoto mugongoni. Tawi likikauka linaanguka chini, naleta lingine."

Siku ya kwanza ni Jumatatu kwao, na lupango ni ua. Nilimwangalia. Nikamwona kichwani mwangu anashuka kutoka Kisugu asubuhi, vitenge kichwani, tawi la kijani mkononi kama mtu anayekwenda kanisani siku ya matawi, anatembea mwendo wote ule kwa ajili ya shimo ambalo si lake. Picha hiyo bado ninayo. Na siku ile ya mvua maji yalikuwa yamefunika njia yote, ukingo hauonekani, akainama kuchomeka tawi jipya, akaenda nalo chini.

Jioni niliandika daftarini: "Leo nimekutana na mtu mzuri." Na kesho yake, Ssalongo akiwa mahakamani, nikaandika notisi kwa wenye njia, ile barua inayotangulia kesi. Nikaiandika kwa haraka na kwa moyo. Nikaeleza mvua, mguu, plasta. Halafu nikaongeza sentensi yangu mwenyewe, kwamba mama huyu alilijua shimo hilo kwa muda mrefu na kila wiki aliwawekea wengine tawi la kuwaonya. Wakili akaweka sahihi bila kuisoma vizuri, maana aliniamini. Nikaipeleka mwenyewe kwa mguu, nikagongewa muhuri, nikarudi napiga mluzi.

Jibu lilikuja fupi. Wakili wa wenye njia alishukuru kwa barua yetu, hasa kwa aya ya tatu. Kama mama alilijua shimo, akalifuata kwa hiari yake siku ya mvua, basi alijiangusha mwenyewe, na wenye njia hawana la kulipa.

Ssalongo aliisoma kwa ule mwendo wake. Akavua miwani.

"Kijana wa kambi," akasema, "nani alikuomba umsifu?"

Nilisema lakini ni kweli. Akasema ndiyo, ni kweli, na kweli haina shida, shida ni kuitoa nje kabla hujajua inakwenda wapi. Halafu akarudi kwenye mafaili yake mpaka saa ya kufunga. Nilikaa pale nikitazama ukuta, nikiona ule mguu juu ya ndoo. Nilikuwa nimemwekea mama wa watu shimo la pili, na hilo nililichimba mimi.

Asubuhi yake Ssalongo akachukua kofia yake, akaniambia nibebe kamba. Tukaenda Kikuubo.

Mnapajua palivyo. Mabeseni yamepangwa juu ya mabeseni, magunia ya chumvi, wapakasi wanapita na mizigo wanapiga kelele watu wapishe. Lile shimo lilikuwa mbele ya duka la mabeseni, na mwenye duka alikuwa ameweka pipa la plastiki juu yake baada ya mama kuanguka. Alitulalamikia kwamba pipa hilo anataka kuliuza. Tukalisogeza. Ndani ni tope, chupa, na matawi. Matawi mengi, ya juu bado yana rangi, ya chini meusi, yamelala moja juu ya jingine kama nguo ndani ya sanduku.

Mimi nikataka kupima kina, nikavua viatu niingie niondoe ule uchafu.

"Simama hapo," Ssalongo akasema. Akapiga magoti, yeye na tai yake, kwenye njia ile chafu. Akatazama muda mrefu. Wapakasi wakaanza.

"Mzee, umepoteza jino?"

"Wacha, anasali."

"Anasali kwa shimo? Sasa huyo ni wa dini gani?"

Ssalongo hata hakugeuka. Aliniita kwa kidole. Pembeni, kwenye kona ambako tope lilikuwa zito, tawi moja la zamani lilikuwa limesimama lenyewe, na kutoka kwenye tawi hilo yalitoka machipukizi mawili manene, majani mapana ya kijani yamejikunjua kimyakimya kule chini, chini ya miguu ya Kikuubo yote. Lilikuwa limeota. Nawaambia nilisahau kelele. Kulikuwa na bustani ya tawi moja katikati ya jiji na hakuna aliyeijua isipokuwa mvua.

"Unajua huu mmea?" Ssalongo akauliza.

Nikasema ni majani tu.

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu lile jibu lije. Ni luwaanyi, akasema. Kila Muganda anaujua, ndio wa ua na wa mipaka ya viwanja. Unaukata, unauchomeka, unaota bila kubembelezwa. Kwenye kesi za viwanja alikuwa amewafuata mahakimu mara nyingi mpaka shambani, jirani anaapa mpaka umewekwa juzi, na luwaanyi imesimama pale ina matawi ya miaka. Mmea hauna ndugu wa kumtetea, akasema. Akapima chipukizi kwa mkono wake, kutoka ncha ya kidole mpaka karibu na kiwiko. Mvua mbili, yaani misimu miwili. Shimo hili lilikuwa wazi kwa mvua mbili nzima, na wenye njia hawakuja kulifunika.

Nikamwambia tuung'oe sasa hivi, tuutie kwenye gunia, tuupeleke kwa hakimu. Nilikuwa tayari nimeinama. Alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma kama unavyomshika mbuzi.

"Ukiung'oa, unakuwa na kuni," akasema. "Hakimu atauliza umeutoa kwa nani. Uache. Yeye aje aukute nyumbani kwake."

Kwa hiyo tukasubiri. Vijana, hamjui nilivyosubiri. Wakili akafungua kesi na akaomba mahakama itembelee mahali penyewe, kama inavyofanya kwa ardhi. Wenye njia walicheka, wakasema sasa mahakama inakwenda kutembelea shimo. Lakini hakimu alikubali. Ikapangwa siku, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita Kikuubo, nainua pipa kidogo, nachungulia. Nilikuwa nimelikodi lile pipa kwa mwenye duka, na nilikata chini yake mwenyewe ili mwanga upite. Mwenye duka akawaambia watu nimechanganyikiwa, kwamba kuna kijana anakuja kuisalimia mitaro. Na kweli niliusalimia. Niliona jani jipya linatoka limejikunja kama barua, siku ya tatu limefunguka. Kule chini hakukuwa na haraka hata kidogo. Nilichelewa kazini kwa sababu ya kutazama jani, mimi niliyetaka ofisi ikimbie.

Siku yenyewe ilikuja na jua. Hakimu alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye viatu vya chini, amebeba vingine kwenye mfuko. Alikuja na karani wake. Wakili wa wenye njia alikuja na msimamizi wao wa njia, bwana mnene mwenye gambuti, ambaye alikuwa ameandika kwenye hati yake ya kiapo kwamba kifuniko kiliibwa wiki ile ile mama alipoanguka, na ofisi haikupata nafasi hata ya kujua. Mama Furaha tulimleta kwa gari, akakaa kwenye kiti cha duka la mabeseni, magongo yake mawili ubavuni. Wapakasi wakasimama na mizigo kichwani. Biashara ya njia ile ilisimama.

Nikaondoa pipa.

Hakimu akainama, mikono magotini. Akatazama. Akamwita msimamizi.

"Ssebo," akamwambia, yaani bwana, "wewe ni mtu wa wapi?"

Akasema ni mtu wa Masaka.

"Nyumbani kwenu kuna kiwanja?"

"Kipo, nnyabo."

"Kina ua wa nini?"

Pale yule bwana akaelewa anapelekwa wapi. Alitazama ndani ya shimo, akamtazama wakili wake, wakili akatazama saa. Mpakasi mmoja, gunia bado kichwani, akasema polepole kwa Kiganda kwamba hata mtoto wa kunyonya anajibu hilo, na wenzake wakaguna.

"Luwaanyi," msimamizi akasema.

"Na hii iliyomo humu, ikiwa imechipua hivi, ina muda gani tangu ichomekwe?"

Alipangusa uso. Nafikiri alitaka kusema uongo, sikatai, na angeweza kuusema ofisini, mbele ya meza. Lakini pale kulikuwa na watu arobaini ambao wote walikuwa na mama mwenye ua wa luwaanyi.

"Mvua mbili, nnyabo," akasema. "Labda na kidogo."

Hakimu akamwambia karani wake aandike. Kalamu ikasikika.

Halafu akamgeukia Mama Furaha, na mimi nikatafsiri. Akamuuliza kama ni yeye aliyeleta lile tawi. Mama akasema ndiyo. Akamuuliza kwa nini hakwenda kuripoti kwa wenye njia. Mama Furaha akatazama gambuti za yule bwana.

"Nilimwambia mutu wao mumoja anapita hapa na kitabu," akasema. "Akaniambia, mama, wewe ni Mukongo, chunga mambo ya kwenu. Sasa nikachunga shimo."

Sikubadilisha neno. Nilitafsiri hivyo hivyo.

Hukumu ilisema wenye njia walikuwa na muda wa kutosha kujua na kufunika. Ilisema pia kwamba mama naye alijua hatari akaisogelea kwenye maji, kwa hiyo sehemu ndogo ya lawama ni yake, na fidia ikapunguzwa kidogo kwa sababu hiyo. Iliyobaki ilitosha operesheni na miezi ya kukaa. Ile sehemu iliyokatwa ni sentensi yangu. Nilikwenda Kisugu peke yangu kumwambia. Nilimwambia ni mimi niliyeandika, hakuna aliyeniambia niandike. Akauliza kama bila ile sentensi mimi na mzee wangu tungejua kuna mmea umeota mule ndani. Nikasema labda tungejua, labda hapana. Akasema basi nisimchoshe, nimsogezee maji ya kunywa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nilikosea au sikukosea, mpaka leo sijui kuwajibu. Najua tu kwamba tangu siku ile sikutuma barua yoyote kabla haijalala mezani kwa Ssalongo usiku mmoja.

Mama Furaha alikuja ofisini baada ya miezi kadhaa, kutia dole gumba kwenye karatasi za mwisho. Sisi tulikuwa ghorofa ya tatu, jengo la zamani la Wahindi, halina lifti. Ilikuwa mchana, joto, Wakili amelala kwenye kiti chake. Tukasikia hatua chini kabisa. Moja nzito, moja nyepesi, halafu kimya. Moja nzito, moja nyepesi. Nikainuka mbio nishuke nimshike mkono.

"Kaa," Ssalongo akasema.

Nikakaa. Ulikuwa muda mrefu kuliko kesi yote. Nilisikia anapumzika ghorofa ya kwanza, anaongea peke yake kidogo kwa lugha ya kwao. Nilisikia anaanza tena. Hakuna aliyeandika kitu. Jua lilikuwa limelala juu ya mafaili na vumbi linazunguka ndani yake, na ile hatua inapanda, inapanda, mpaka nikawa sitaki ifike upesi.

Alitokea mlangoni, kitenge kipya, fimbo moja tu, jasho limejaa usoni. Ssalongo alisimama, jambo ambalo hakulifanya hata kwa Wakili, akamvutia kiti. Mama Furaha hakukaa. Alishika mwimo wa mlango, akageuka akatazama nyuma alikotoka.

"Hii ngazi yenu haina kitu cha kushika," akasema. "Na ya tano kutoka chini imevunjika. Mutu anaweza kuanguka pale. Bwana wa nyumba mulimwandikia?"

Mimi nikamtazama Ssalongo. Miaka kumi na minane alikuwa amepanda ngazi ile kila asubuhi na kuishuka kila jioni, mtaalamu wa mahali watu wanapoanguka. Kisha akakaa mezani kwake, akavuta karatasi safi, akaanza kumwandikia mwenye jengo, kwa ule mwendo wake wa saa nzima, na sisi wawili tukamngoja.